Filamu Niliyoipindua Ili Shemeji Aumbuke

Niliipindua filamu nzima, mwisho nikauweka mwanzo, mwanzo nikauweka mwisho, ili ukumbi mzima umzomee shemeji yangu.

Badala ya kumzomea, watu walilia.

Sogeeni niwasimulie, maana mpaka leo nikikumbuka nachekelea peke yangu kama mwendawazimu.

Shemeji ni kaka wa mume wangu. Mtaani wanamwita Radi, kwa sababu ya sauti yake. Ana ukumbi wa video nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Kazi yake ni kutafsiri filamu za kigeni kwenye maiki, papo hapo, filamu ikiwa inaendelea.

Siri yake? Lugha yenyewe haijui.

Mimi ndiye ninayeisoma, darasa la jioni. Kila filamu mpya naitazama kwanza ndani, huku namnyonyesha binti yangu. Kisha namweleza Radi nani ni nani, nani msaliti, nani atakufa. Yeye akifika kwenye maiki anaongeza chumvi.

Aliniahidi kwamba ipo Jumamosi moja nitatafsiri mimi. Nikajifua mbele ya kioo mpaka mume wangu akawa ananicheka.

Jumamosi ikafika. Nikakaa kwenye kiti cha mtafsiri, mtoto mgongoni. Sijafika mbali, mtoto akaangua kilio. Kikaingia kwenye maiki, spika zote zikalia naye.

Radi akaninyang'anya maiki.

"Jamani, tuwieni radhi! Huyu arudi ndani akanyonyeshe. Sinema haina maziwa!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Wapo waliogaragara.

Nikamzungusha binti yangu kifuani. Alikuwa amenyamaza ghafla, ananitazama usoni, kama ananiuliza: mama, kwani tumefanya nini?

Hapo ndipo nilipoapa.

Kunitukana mimi, sawa, nimezoea. Lakini mwanangu achekwe na ukumbi mzima? Radi angekiona cha mtema kuni. Na kile kiti ningekikalia, apende asipende.

Haikupita muda, muuza filamu akatuletea filamu ya ajabu, ya kusafiri kurudi miaka ya nyuma. Ilikuwa kwenye vipande viwili.

Kipande cha kwanza: mwanamke anatembea kwenye mtaa wa zamani, hakuna anayemwona. Anafika kwenye mlango, anabisha. Mlango unafunguliwa. Anasema, "Nimerudi." Aliyefungua hatuonyeshwi.

Kipande cha pili: mwanamke yule yule anagombana na watu wake, anaondoka kwa hasira. Anapokuja kutulia, wote wamekwisha kufa. Anaingia kwenye lifti chakavu inayorudisha watu nyuma. Lifti inafungwa. Basi.

Sikuelewa kitu. Nikasema, ndivyo wageni walivyo, wanaanza kwa kula, wanamaliza kwa kumenya vitunguu.

Kisha shetani akaninong'oneza. Au malaika, sijui.

Nikabadilisha majina ya vipande, ili Radi azidi kupotea. Cha pili nikakiita cha kwanza, cha kwanza nikakiita cha pili.

Radi akaja. "Shemeji, hii inasemaje?"

"Nyepesi hiyo, hata kichanga anaielewa."

"Nipe basi mawili matatu."

"Shemeji! Wewe si Radi? Ingia ungurume."

Akaingia. Sifa zikimpanda, haoni mbele.

Alasiri ile palijaa mpaka madirishani. Mimi nikasimama ukutani na binti yangu, nasubiri zomeazomea.

Radi akaanza kubuni. Mwanamke alipogombana na watu wake, akasema wanagawana dhahabu ya wizi. Lifti ilipofungwa, akasema anawatoroka polisi. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Walikuwa wanatazama uso wa yule mwanamke.

Ikafika kwenye mlango. Radi akakwama. Namjua, akikwama hukohoa.

"Aliyefungua ni... ni mama yake! Kumbe hakufa!"



Halafu nikasikia kwikwi. Fundi viatu, jitu zima na ndevu zake, alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

Filamu ikaisha, hakuna aliyeinuka. Kisha makofi. "Radi! Radi! Hii irudiwe kesho!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nimechimba shimo, adui kaligeuza jukwaa!

Lakini sikuondoka. Nikawasikiliza watu wakibishana mlangoni.

"Mama gani?" alisema mjane mmoja. "Yule ni mumewe. Umeona alivyosita kabla ya kubisha? Ndivyo ninavyosita mimi nikiota."

"Aa wapi! Ni ndugu yake," akasema fundi viatu. "Waliachana vibaya."

Ndipo nikaelewa kwa nini filamu imewashika hivyo. Kila mtu ana mlango wake aliouacha kwa hasira. Filamu haikusema nyuma ya mlango yupo nani, kwa hiyo kila mmoja akamweka wake.

Mimi je? Nilipofumba macho, mlango wangu ulifunguliwa na Radi, tena nilirudi nikiwa na jibu la lile neno lake la maziwa. Nisamehewe, ndivyo nilivyoona.

Kesho yake wakarudi wale wale, na wengine juu. Na Radi, kwa kuwa alikuwa anabuni, alikuwa amesahau alichokisema jana.

Mlango ukafunguliwa. Akakohoa.

"Lo! Ni jambazi mwenzake, ana panga!"

"Panga?" Mjane akasimama. "Jana si ulisema mama?"

"Jana... jana ilikuwa jana, mama."

"Unatuchezea? Mimi nimelia jana kwa uongo?"

Hapo sasa! Miluzi, makelele, mabenchi yanagongwa. Zile zomeazomea nilizoziota zikashuka zote, tena bila mkono wangu. Mdomo ulikiponza kichwa.

Mama mkwe, anayekaa mlangoni kupokea viingilio, akaingia na kanga yake kiunoni.

"Radi, ondoka hapo. Mkwe wangu, njoo ukae."

"Mama, huyu na mtoto wake..."

"Na wewe nilikubeba wapi, mfukoni? Ondoka!"

Nikakaa. Nikarudisha filamu nyuma, nikatafsiri taratibu, neno kwa neno. Ilipofika mlangoni nikasema, "Nimerudi." Kisha nikafunga mdomo.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Nikasikia mtu gizani akitaja jina la mtu, polepole. Kisha mwingine.

Tangu siku hiyo kiti ni changu. Na bado hamjasikia kichekesho chenyewe.

Muuza filamu alinisimamisha njiani. "Dada, nisameheni. Ile filamu niliwarekodia vibaya. Kipande cha mwisho nilikiita cha kwanza."

Nikaduwaa. Kumbe nilipodhani naharibu, nilikuwa nanyoosha. Ningeiacha kama ilivyoletwa, Radi angeaibika siku ile ile ya kwanza!

Nanyi mnaopanga visasi, chukueni hili: mwenye kiburi mpe nafasi tu ya kusema, mengine atajimalizia mwenyewe. Kumsamehe? Bado. Nikifika huko nitawaambia.

Jana Radi alinifuata jikoni, mpole kama maji ya mtungini.

"Shemeji, usingizi sipati. Hebu niambie ukweli. Aliyefungua mlango ni nani?"

Nami sijui, wallahi.

Lakini nilimtazama, nikatabasamu, nikaendelea kumnyonyesha mwanangu.