Mapigo Matatu Shimoni

Majuzi nilipita Geita, pale kwetu, nikakuta lile shimo la nyuma ya nyumba yetu limefukiwa na mtu amelima mihogo juu yake. Nikasimama kusikiliza. Mazoea tu, ndugu yangu.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tatu, tukabaki na bibi, mimi na mdogo wangu wa kike. Alipokua kidogo nikaanza kumfundisha. Kila asubuhi nilifagia uwanja, nikamwaga majivu na kuyasawazisha, naye akaandika kwa kijiti huku akitafuna michembe, vile viazi vitamu vikavu. Sheria yangu ilikuwa moja: andika ulichokiona au kukisikia mwenyewe, mpaka asiyekuwepo naye akione.

Mwaka ule shule ya misheni ilibakiza nafasi moja. Mwalimu alitaka kila mtoto alete ukurasa wa habari ya kweli isiyochosha. Nikamwambia mdogo wangu aandike habari za mbuzi wetu. Akaandika kwenye majivu: “Nyuma ya nyumba kuna shimo. Adhuhuri kukitulia, mtu anatwanga mawe humo. Anapiga mara tatu, anakohoa, anaanza tena.”

“Futa,” nikasema. “Mwalimu atakuita mwongo, nafasi utaikosa.”

“Mbuzi wanakula tu, kaka. Na hilo nimelisikia mwenyewe.”

Bibi alikuwa akipepeta mtama. Akaweka ungo chini. “Nani kamsimulia?”

Hakuna aliyemsimulia. Baba alifukiwa katika shimo lile mdogo wangu akiwa bado tumboni, wala hakutolewa, na nyumbani hatukulitaja. Mawe yake ya dhahabu aliyatwanga vile vile: mara tatu, kikohozi, mara tatu.

Adhuhuri nilikwenda peke yangu, nikalala kifudifudi ukingoni. Hata nzi hawakulia. Nilikaa mpaka nikajionea haya, nikainuka. Ndipo yakaja mapigo matatu, kisha kikohozi nilichokijua. Nilifungua mdomo kuitika, nikaufunga. Bibi alitufundisha: usiyemwona usimwitikie.

Nilirudi nikampa mdogo wangu karatasi. “Andika vile vile. Usiongeze.”

Mwalimu aliisoma mara mbili, akanigeukia. “Mambo haya ni kweli?”

“Nimeyasikia, mwalimu.”

Akaandika jina la mdogo wangu daftarini.

Alisoma, akafundisha watoto wa wenzake, na sasa naye hayupo. Karatasi ile ililiwa na mchwa. Pale kwenye mihogo nilisimama adhuhuri yote, mpaka kivuli kikanipita miguu. Ningependa sana kukuandikia kwamba nilisikia. Lakini sheria niliiweka mwenyewe.

Sikusikia kitu.