Kanga Nyuma ya Utando

Asubuhi moja bado iko machoni pangu kama ya jana, mwanangu, ingawa sasa mtaa mzima wa Mayfair unaniita bibi na magoti yananipigia kelele kila nikiinama. Mama yangu mzazi alikuwa amesimama uani kwetu, hapa hapa Johannesburg, amenyoosha mikono yote miwili na kutandaza kanga yake, anamkingia upepo buibui.

Ndiyo, buibui. Usicheke kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Mume wangu ni mtu wa huku. Aliishi ukimbizini kwetu Morogoro, akanioa huko, na kwao kulipotulia tukaja wote. Mchana nilishona nguo kwenye duka moja la Fordsburg, jioni nilikaa na upweke wangu. Majirani walisema Kizulu, mimi natabasamu tu kama mjinga. Ndipo nikajinunulia kamera ndogo ya filamu, ile ya kubonyeza tu, haina cha kuzungusha wala cha kurekebisha.

Kamera ya namna ile haioni kitu cha karibu. Ukiisogeza sana, picha inatoka ukungu mtupu. Mimi nikaibandika kioo cha kukuzia maandishi kwa selotepu, kisha nikaning'iniza mbele yake uzi wa cherehani, nikapiga fundo pale picha inapotoka safi. Fundo likimfikia buibui bila kumgusa, hapo ndipo unabonyeza. Fundi nguo hababaishwi na vipimo! Picha za kwanza ziliposafishwa nililia dukani kwa watu. Macho manane, mwanangu, na miguu ina vinyweleo kama mswaki. Nikajiona nimepata mwenzangu katika mji huu.

Taabu yangu ilikuwa upepo. Utando ukitikisika kidogo tu, picha imekwenda. Basi mama alipokuja kunitembelea, siku nne ndani ya basi na goti lake bovu, unadhani nilifurahia nini? Nilifurahi nimepata wa kunikingia upepo. Kila asubuhi, wiki tatu nzima, kabla sijaenda kazini, nilimsimamisha kati ya mlimau na ukuta, pale alipotega yule buibui wangu mkubwa wa mistari ya manjano.

Asubuhi ninayokwambia ndiyo aliyokuwa anaondoka. Alikuwa amevaa gauni la zambarau nililomshonea mwenyewe, amependeza, na mabegi yake yako mlangoni.

"We Zuhura," akasema, "nimekaa siku nne kwenye basi nije niwe kamba ya kuanikia nguo?"

"Kidogo tu, mama. Usitikisike."

"Mikono inaniuma, mwanangu."

"Kidogo tu!"

Alivumilia. Baadaye akashusha kanga, akaliweka sawa gauni, akasema kwa aibu kidogo, "Basi na mimi nipige moja. Wakaone nyumbani nilivyovalishwa na binti yangu."

Nikatazama kidirisha cha kamera. Zimebaki picha tatu. Na buibui, wakati ule ule, amekamata nzi na ameanza kumviringisha. Nikamwambia mama yangu, kwa kinywa hiki hiki, "Hizi tatu ni za huyu, mama, huyu hangoji. Wewe nitakupiga ukija tena."

Hakunifokea. Angenifokea ningepona. Aliikunja kanga yake taratibu, akasema, "Huyo mdudu unamjua mpaka vinyweleo vya miguu. Mimi hujaniuliza hata siku moja kama goti limepoa." Akaingia ndani kumalizia mabegi. Nami nikabonyeza zangu tatu. Wallahi, nilibonyeza.

Hakuja tena. Miezi michache baadaye dada alinipigia simu asubuhi, presha imemchukua mama, na alasiri ile ile wakamzika. Kwetu maiti hacheleweshwi. Mimi niko hapa, sindano mkononi.

Filamu ya asubuhi ile nilikuwa hata sijaisafisha. Nikakimbia nayo Fordsburg nikiomba Mungu niwe nilibonyeza kwa bahati mbaya, mama akipita mbele. Picha ishirini na nne. Buibui, buibui, buibui. Lakini moja tu niliipiga kuelekea upande wa mama, na nyuma ya buibui kuna kanga imetanda, nyekundu na njano, na juu yake mstari mweusi, yale maneno yake, yamekuwa ukungu. Ukungu wangu mwenyewe ule, wa kila kitu ambacho fundo halikukifikia.

Nyumbani Morogoro mama ana picha moja tu, kwenye harusi ya mjomba, kageuka anapakua wali. Kanga yenyewe alipewa mwanamke aliyemwosha, kama ilivyo desturi yetu. Nimewauliza dada zangu iliandikwaje; kila mmoja anasema lake. Na mimi nilisimama mbele ya maneno yale wiki tatu, jamani, sikuyasoma.

Nina hamu na mama, mwanangu. Nina mvi kichwa kizima na bado nina hamu naye. Picha ile iko ukutani juu ya cherehani. Wajukuu wananiuliza kwa Kiingereza chao kwa nini ninampenda buibui yule, nami nawaambia huyo nyuma ni mama yangu. Wanasogea, wanakodoa. "Eish, bibi, mbona hakuna mtu?" Ninawaambia watazame vizuri.

Sasa wewe umenijia na simu yako, unataka nikufundishe kuwapiga picha wadudu kwa karibu. Nitakufundisha, uzi na fundo na yote, hata mimi sijaacha. Ila nisikilize. Kabla hujainama, geuka umtazame anayekushikia kitu. Muulize goti lake. Akikuomba umpige picha, mpige yeye kwanza, hata kama imebaki moja. Buibui atatega tena kesho asubuhi pale pale kwenye mlimau.

Nenda, mwanangu. Mungu ayatie nuru macho yako, akupe mkono usiotetemeka. Na huyo anayekukingia upepo, Mungu amweke, amweke sana, mpaka uwahi kugeuka.