Fundi Aliyefumba Macho

Tangu nifikishe miaka hamsini na tano nimejiona mtu huru. Wigi nimelitupa, viatu vya visigino nimemgawia dada yangu, na nikiwa nyumbani Nyaramba navaa bukta ya mume wangu bila kumwomba mtu radhi.

Ijumaa iliyopita nilikuwa hivyo, nikichuma majani chai kando ya nyumba huku nikitingisha kiuno kwa muziki wa redio, nilipomwona kijana uani. Nikajua ndiye fundi wa tangi la maji niliyemngoja.

"Karibu, fundi! Mbona umeinamisha macho kama unakagua nyasi?"

"Mama, nimekuja tu kuomba jembe, gari..."

"Jembe la kutengenezea tangi? Njoo hapa!"

Akarudi nyuma. Nikamshika mkono, nikamvuta, nikaanza kumhubiria. "Kijana, usimwonee haya mwanamke mzee. Mimi macho ya watu hayanitishi tena. Nitazame! Hebu tucheze!"

Akafumba macho kabisa. Nikawasikitikia waliomlea.

Mara binti yangu, ambaye angemleta mchumba wake kesho yake, akatokea langoni, matope hadi magotini.

"Mama! Tumewahi siku moja, gari likakwama, nikamtuma atangulie kuomba jembe... Mungu wangu! Umemshika mkono mkwe wako?"

Kwetu Wakisii, mama hampi mkwe wake mkono, wala mkwe hamkazii macho. Heshima yangu ilikuwa ikilindwa na huyu kijana peke yake. Nilitaka kumwachilia, lakini vidole viliganda, naye bado amefumba macho.