Nguzo Aliyoipaka Mjomba

Wewe unayeingia kila mwezi katika jengo lile la zamani kulipia bili zako, umewahi kuinua macho hata mara moja? Juu yako kuna kuba la vioo vya rangi. Mbele yako kuna ngazi pana inayopanda kwa mkunjo, vishikio vyake vya shaba. Lakini sisi tunatazama foleni tu. Nguzo za ukumbi zilikuwa zimeshika masizi na jasho la viganja hadi zikawa nyeusi ti. Nani angejua ni marumaru?

Mjomba wangu, fundi rangi wa jengo hilo tangu ujana wake, hakujua. Meneja alimwambia, "Wageni wanakuja, nataka ukumbi ung'ae leo leo!" Naye akaipaka nguzo ya kwanza rangi ya maziwa. Jioni akaingia mhandisi, akashika kichwa: "Mmepaka marumaru rangi!" Meneja, ambaye naye hakujua, akageuka mbogo: "Kesho asubuhi rangi hiyo isipotoka, kazi huna."

Nyumbani kwake, nilikokuwa jioni hiyo, mjomba hakugusa chakula.

"Ukuta wetu umebabuka mpaka aibu," mkewe alimwambia, "wewe uko huko unapaka hata mawe yasiyoomba rangi!"

Mimi damu ilinichemka. "Lile ni jengo la umma! Nani aliwahi kuwaeleza mafundi kilichomo humo? Nitaandika gazetini!"

"Andika, mpwa wangu," mjomba alinijibu kinyonge. "Ila kesho uje unishikie ndoo."

Kisha akatoa lililokuwa likimla zaidi: kwa kuharakishwa, hakupiga msasa wala praima, ile rangi ya kwanza inayofanya nyingine ishike. Fundi mzima!

Mkewe akaacha kuosha vyombo. "Ngoja kwanza. Huu ukuta wetu ulibabuka kwa nini? Si uliruka msasa?"

Mjomba aliinua kichwa, akavuta sahani.

Asubuhi aliilowesha nguzo kwa kitambaa, akaingiza ukucha, akavuta. Rangi ilitoka vipande vipana kama ganda la yai lililochemshwa, ikibeba na masizi yake. Chini yake, marumaru ya kijani yenye mishipa myeupe. Watu waliacha foleni, wakaja kuigusa.

Meneja alifuta jasho. "Na hizi nyingine?"

"Sabuni tu, bosi," mjomba alisema, akicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Brashi imebaki nyumbani. Mama watoto ameishikilia mpaka nipake ukuta wake."