Nafasi ya Pluto

Mimi kelele siipendi, na darasa la Moraa lina kelele. Ukuta unaotutenganisha hapa shuleni Kator ni mabati matupu, kwa hiyo nafundisha hesabu huku nikisikia sayansi yake, nipende nisipende. Nikigonga mabati wananyamaza dakika mbili tu.

Moraa ni Mkisii. Alikuja Juba kwa mkataba wa mwaka mmoja. Huu ni wa saba. Mbishi huyo! Shule haina maabara, lakini yeye ametundika sayari darini: machungwa, vifuniko vya soda, na boga la soko la Jebel lililooza likanuka hadi kwangu.

Muhula huu kilichomnyima raha ni Nyakong. Baba yake, mzee Malual, alikuwa kamishna wa kaunti hadi jioni moja amri ya kumwondoa iliposomwa kwenye televisheni, likafuata papo hapo jina la aliyeteuliwa. Huku Juba, hivyo ndivyo mtu anavyojua kazi imekwisha. Tangu hapo mzee hakutoka nje, na Nyakong, ambaye zamani mkono wake haukushuka darasani, akawa bubu. Alimwambia Moraa kwamba wiki ikiisha anaacha shule. Aibu tu, jamani.

Ijumaa Moraa akafundisha Pluto. Akasema mwaka 2006 wataalamu waliitoa kwenye orodha ya sayari, wakaiita sayari kibete.

"Ticha," Deng akadakia, "amri ilisomwa saa ngapi? Na nani aliteuliwa nafasi yake?"

Vicheko! Nikachungulia kwenye tundu la mabati: wote wamemgeukia Nyakong. Haki ya nani, nilitamani kuvuka nimvute huyo Deng sikio.

"Hakuna aliyeteuliwa," Moraa akasema. "Sasa sikilizeni. Miezi saba kabla ya hapo, chombo kisicho na mtu ndani kilikuwa kimerushwa kwenda kuiona Pluto. Habari za cheo zikatoka kikiwa njiani. Mnadhani walikirudisha?"

Akanyoosha kidole darini, kwenye kifuniko cha soda cha mwisho.

"Kilisafiri zaidi ya miaka tisa. Kikapiga picha milima ya barafu na uwanda wenye umbo la moyo. Mwaka huohuo kilipofika, chombo kingine kilikuwa kinaizunguka Ceres, iliyokuwa inaitwa asteroidi tu. Hiyo nayo ni sayari kibete, ilipandishwa siku ileile Pluto iliposhushwa."

"Na Pluto ilikuwa inafanya nini miaka yote hiyo?" Sauti ndogo. Nyakong!

"Inalizunguka jua, kama kawaida yake. Haikukosa hata siku moja."

Nilifurahi mpaka nikasahau nilikuwa nagawanya nini kwa nini.

Hata hivyo Jumamosi na Jumapili Moraa hakutulia. Atarudi? Hatarudi? Alinichosha kwa simu.

Jumatatu, kabla ya kengele, mzee Malual alitukuta mimi na Moraa langoni, yuko na Nyakong, shati limepigwa pasi, amebeba mkoba wa binti begani.

"Mwalimu, nimeambiwa habari za huyo Pluto."

"Karibu, Kamishna," Moraa akasema, ulimi ukiwa umemtangulia. Nikafumba macho.

"Khalas, ukamishna umekwisha," mzee akajibu.

"Basi karibu, Baba Nyakong."

Mzee akamtazama binti yake, akacheka mpaka akashika lango. "Cheo hicho bado ninacho," akasema, akamvisha mkoba.

Saa tatu kelele zilianza tena ng'ambo ya mabati, na ya Nyakong ilikuwa ya juu kuliko zote. Sikugonga.