Sema Kwanza

Alikuwa fundi wa makochi, karakana nzima ikimwita Sponji, na kama kuna kitu kilichomchosha duniani basi ni kuambiwa aseme. Asubuhi, kabla hajashika nyundo, alipanga foleni kliniki, akapewa methadoni, dawa ya wanaoacha heroini, kwenye kikombe kidogo dirishani, akanywa mbele ya nesi. Nesi akamkazia macho: "Haya, sema." Sheria ya pale ndiyo hiyo, maana asiyesema huenda ameibana dawa mdomoni akaiuze nje. Basi mtu mzima na mvi zake anasema, "Nimemeza, nesi, na leo kuna baridi." Ndipo anaruhusiwa kwenda kazini.

Jioni ni yaleyale. Aliishi kwa dada yake, mpishi wa shule, mjane asiye na masihara, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Enzi za unga, yaani hiyo heroini, sauti ya Sponji ilikuwa ikiburuzika, na dada akajifunza kuisikiliza kabla ya kufungua mlango. Ikiburuzika, mtu analala nje. Sasa unga aliuacha na sauti ikanyooka, lakini komeo lilibaki palepale, na yeye nje anasema kwanza.

"Unga umeacha, sawa," dada alimwambia siku moja akiosha vyombo. "Na hiyo dawa je? Kila kukicha unakimbilia kikombe. Umebadilisha chupa tu, ulevi ni uleule. Mwezi ukiisha bado unakunywa, tafuta pa kulala. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

Sponji hakubisha. Mtu aliyewahi kuuza masufuria ya dada yake atabisha kwa mdomo gani?

Akafanya kosa ambalo wengi wa foleni ile wamelifanya: akaacha dawa kimyakimya, bila kumwambia daktari wala mshauri wa kliniki, ili wa nyumbani afurahi. Siku ya kwanza akajiona mwanamume. Ya pili arosto ikamshika, yale mateso ya mwili unaodai unga: miayo, jasho, pua kutiririka, miguu kuuma ndani kwa ndani. Mafundi wa makochi hubana misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Ya kwake ikamdondoka yote kifuani. Tajiri wake akamwambia nenda kapumzike. Miguu ikakataa kupumzika, ikampeleka kichochoro cha nyuma ya soko, ambako bado wanamjua.

"Sponji, umepotea sana, ndugu yangu. Njoo ukae," mmoja akamwita, kwa upendo kabisa. Huo upendo ndio uliomtisha. Alitapika ukutani, akajifuta kwa shati, akaenda kliniki akishikilia kuta za watu.

Daktari alimpima, akamrudisha kwenye dawa. Mshauri, mzee aliyewahi kutumia unga mwenyewe, hakumbembeleza.

"Nani kakutuma uache?"

"Dada."

"Basi mlete. Dawa inautuliza mwili ili mimi na wewe tukae kitako tuongee. Mwili ukiwaka moto hivyo, maneno yangu utayaweka wapi?"

Dada alikuja kesho yake na aproni ya jikoni, mikono kaikunja kifuani. Mwezi ulikuwa unaishia siku hiyohiyo. Akamwona ndugu yake akinywa, akamsikia nesi akimwambia aseme. "Nimemeza, nesi," Sponji akasema. "Dada yangu ndiye yule."

Chumbani kwa mshauri dada aliuliza swali moja tu: itaisha lini? Mshauri akasema hajui, huenda mwaka, huenda miaka, na atakayeipunguza ni daktari, polepole, si amri ya mtu nyumbani.

"Wala siogopi dawa," akasema. "Naogopa kumzoea. Nilishamzika moyoni mara nyingi, mzee wangu. Nikimzoea tena halafu akaanguka, mimi sitaweza."

Mshauri akamsogezea maji. Dada alikunywa, akaaga, akarudi jikoni kwake bila kuahidi kitu.

Jioni Sponji alitembea taratibu, akipanga kichwani nani wa kumwomba kona ya kulala. Karakana ina makochi, lakini ya wateja. Alipofika mlangoni akagonga, akasema bila kungoja kuulizwa: "Ni mimi, dada. Nimekunywa leo. Na kesho nitakunywa."

Akasukuma mlango kidogo tu, achungulie kwenye upenyo kama nguo zake zimeshafungwa. Ukafunguka. Komeo halikuwa limetiwa.

Dada alikuwa amempa mgongo, anachambua mchele. "Usisimame hapo, unaniingizia mbu," akasema. "Na kesho utoke mapema. Foleni yenu ile ni ndefu, utachelewa kazini."

Sponji alikaa kwenye kigoda. Alitaka kusema asante, akaishia kuchambua mchele naye, na safari hii hakuna aliyemlazimisha aseme.