Siku Nilipomwambia Ng'ombe Avute Pumzi

Mwanangu, jana uliniuliza ufanyeje ili utoe makala sita za utafiti kabla ya mwaka kuisha, nami nikacheka mpaka ukanuna. Sikukucheka wewe. Nilikumbuka asubuhi moja katika kijiji cha Ziwa, siku ya soko, nilipokuwa na umri kama wako na maringo kukuzidi.

Nilikuwa daktari wa familia, nimepangiwa kituo kidogo cha afya. Asubuhi natibu kikohozi, mchana nashona kidole kilichokatwa na panga, alasiri namsikiliza mama anayelalamika kichwa, kumbe ni mawazo ya shamba. Kazi niliipenda. Lakini chuoni, nilikotaka kupanda niwe mhadhiri, hakuna aliyeuliza nimetibu wangapi. Waliuliza nimechapisha nini, nami sikuwa na kitu.

Basi tukakutana marafiki wanne tuliojuana chuoni, tukakubaliana: yeyote atakayeandika makala, aweke majina yetu sote. Mmoja wetu, Wafula, alikuwa daktari wa mifugo huko Kiplombe. Hatukuona shida. Mwaka ule jina langu lilizaa, mwanangu! Makala tisa. Nikachapa orodha nikaibandika ukutani, juu ya mashine ya kupima presha, ili mgonjwa aisome wakati mkono umebanwa na hawezi kuondoka. Mimi mwenyewe sikuwa nimesoma hata nusu yake.

Siku hiyo ya soko nikasikia ng'ombe wakilia nje. Nikatoka. Ng'ombe saba wamefungwa kwenye ua wa kituo, na mbele yao amesimama Mzee Cheruiyot, ambaye mkewe, Mama Tabitha, nilikuwa namtibu presha. Mkononi ana karatasi. Kumbe afisa wa mifugo aliwasomea wafugaji kwenye baraza makala kuhusu ugonjwa wa kiwele, na mwishoni, panapoandikwa mtu wa kuulizwa maswali, palikuwa na jina langu na la kituo. Wafula, aliyeiandika, alikuwa na safari alipoituma, akaona mimi ndiye ninayepatikana kwa urahisi.

"Daktari, kwa nini ulituficha?" Mzee akasema. "Miaka miwili tunakuletea watu tu, kumbe hata ng'ombe unajua!"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Lakini watu walikuwa wengi, na wote wananitazama kwa heshima tamu sana. Nikasema, "Ngoja niangalie."

Na mimi nimelelewa mjini, mtaa wa Langas. Maziwa niliyajua ya pakiti. Nikavaa glavu, nikaweka kipimo cha kusikiliza kifua kwenye ubavu wa ng'ombe wa Mzee, na kwa mazoea ya kazi nikasikia mdomo wangu ukimwambia, "Vuta pumzi."

Hakuvuta. Alirusha teke, ndoo ikaruka, nami nikajikuta nimekaa kwenye matope na koti langu jeupe. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi: walidhani ni sehemu ya uchunguzi.

"Amemwambia nini?" mmoja akauliza kule nyuma.

"Anampima mapafu," mwenzake akajibu kwa unyenyekevu.

Nikainuka, nikachukua kalamu niandike dawa. Ndipo Sista Chemutai, muuguzi wetu mkuu, mama aliyeanza kazi kabla sijajua kusoma, akanishika kiwiko akanivuta kando.

"Unaandika nini?"

"Antibiotiki. Haiwezi kudhuru."

"Kipimo gani?"

Nikafunika kalamu.

"Huyo ng'ombe ndiye anasomesha watoto wa huyo mzee," akasema polepole. "Maziwa yakikauka kwa sababu yako, utamwonyesha ile karatasi ya ukutani? Daktari, hiyo makala umeisoma?"

"Kichwa chake tu."

"Basi enda uwaambie hivyo."

Nikaenda, matope yakinidondoka. "Wazee na akina mama, jina ni langu, lakini kazi si yangu. Mimi sijui ng'ombe."

Mzee Cheruiyot akakunja karatasi yake taratibu, akaniuliza bila hasira, "Sasa daktari, hizo dawa za presha unampa mama watoto wangu, hizo ulisoma, ama pia ni jina tu?"

Mwanangu, teke la ng'ombe halikuniuma hivyo. Nilimwapia kwamba nimesoma. Hakunitazama mimi. Alimtazama Sista, na Sista alipotikisa kichwa kukubali, ndipo akaridhika.

Nilimpigia Wafula simu, akaja na bodaboda kabla ya saa sita, akatibu ng'ombe wote saba huku Sista amesimama nyuma yake akimgombeza. Mimi niliandikia majarida nikiomba jina langu liondolewe. Mhariri mmoja alinijibu akinishukuru kwa mchango wangu mkubwa. Cheo, bila shaka, sikupata.

Wiki iliyofuata Sista akaniwekea mezani rejista ya wagonjwa wa presha. "Unataka kuandika? Niambie kwa nini Mama Tabitha na wenzake hawaji kliniki siku tunayowapangia."

Sikujua. Tukawatembelea nyumbani, tukawauliza. Wengi walikuwa wanatoka shambani siku moja tu kwa wiki, siku ya soko, na sisi kliniki tuliiweka Alhamisi kwa sababu ndiyo iliyotufaa sisi. Tukaihamishia siku ya soko. Tukafuatilia mwaka mzima, na presha zikaanza kushuka. Tukaandika makala moja, majina mawili, langu na la Sista. Majarida matatu yaliikataa. Moja likasema swali lenyewe ni dogo mno. La nne likaikubali. Chuoni waliponiita tena, waliniuliza kuhusu makala hiyo mpaka chai ikapoa, na kila swali nilikuwa na jibu. Walipoacha, mimi ndiye niliyesikitika.

Kwa hiyo kuhusu hizo sita zako: sijakukataza kuandika. Andika sana, maana tunaokaa na wagonjwa vijijini tunaona mengi, kisha tunastaafu nayo kichwani. Lakini swali lako litoke kwa mtu unayemtibu, na aliyekusaidia kulijibu umwandike jina, hata kama hana digrii. Na mahali ambapo hukufanya kazi, jina lako usilikopeshe, hata kwa rafiki, hata kwa bosi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe swali lisilokupa raha, wagonjwa wenye subira ya kukujibu, na wahariri wenye moyo laini. Na siku utakapoulizwa mbele za watu, uwe na la kusema.